Kuta za Makanisa Yetu na Somo la Wachoraji wa Denmark



Pembezoni mwa jiji letu la Dar es Salaam makanisa mapya yanajengwa kila kukicha. Ukitoka Mwenge kuelekea Tegeta, Boko na Bunju, au ukivuka Mtoni kwenda Mbagala, Chamazi na Toangoma, utakuta vigango vilivyoanza chini ya mwembe au katika darasa la shule, na leo vina kuta, vingine vina paa, vingine vimeshatangazwa kuwa parokia. Waamini wametoa saruji, mchanga, nondo na nguvu zao. Jumuiya Ndogo Ndogo zimepitisha bahasha. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini lipo swali moja ambalo kamati zetu za ujenzi huliacha mpaka mwisho, kisha hujibiwa kwa haraka kabla Askofu hajafika kutabaruku kanisa: ukutani tuweke picha gani?

Jibu la kawaida tunalijua. Mtu anatumwa mjini kununua picha zilizochapwa ng'ambo, zikiwa tayari na fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu. Au mfadhili analeta sanamu ya plasta na seti nzima ya Njia ya Msalaba. Zinatundikwa, zinabarikiwa, tunaendelea na harambee ya vipaza sauti. Hatukai tukajiuliza ni nani alizichora, lini, na kwa ajili ya watu gani.

Maoni yangu ni kwamba swali hili linastahili kujibiwa mapema na kwa uzito uleule tunaoupa msingi na paa, na kwamba sehemu kubwa ya jibu ipo hapahapa, mikononi mwa wachoraji wanaoishi katika mitaa ya Kinondoni na Temeke. Ili kulieleza hilo nitaanzia mbali kidogo, katika nchi ambayo wengi wetu hatuihusishi kabisa na sanaa takatifu: Denmark. Ni nchi ndogo, ya baridi, yenye Walutheri wengi, na kwa karne nyingi watu wake walilazimika kusafiri kwenda Roma au Paris kujifunza kuchora. Hata hivyo ina mambo ya kutufundisha, na tena imo ndani ya nyumba zetu bila sisi kujua.

Picha ya Yesu tuliyoizoea

Huenda nyumbani kwako, au kwenye kalenda ya zamani ya bibi yako, ipo picha ya Yesu akihubiri mlimani. Ameinua mkono kuelekea mbinguni, watu wamemzunguka, na mtoto mmoja ananyoosha kidole kumgusa kipepeo aliyetua juu ya kitambaa cha kichwa cha mwanamke. Picha hiyo ilichorwa mwaka 1877 na Carl Bloch, mchoraji wa Denmark aliyezaliwa 1834 na kufariki 1890. Ni moja ya picha 23 za maisha ya Kristo alizozichora kati ya 1865 na 1879 kwa ajili ya chumba cha sala cha mfalme katika kasri la Frederiksborg. Kasri hilo liliungua moto mwaka 1859, na aliyegharimia picha hizo ni J. C. Jacobsen, mwenye kiwanda cha bia cha Carlsberg.

Sisemi haya ili mtu aende kuishusha picha yake ukutani. Bloch alikuwa fundi hodari. Aliishi Italia miaka kadhaa akijifunza kwa wakubwa waliomtangulia, na picha zake zimewasaidia watu wengi sana kusali. Ninachosema ni kwamba picha ile ilikuwa na kwao. Ilichorwa kwa ajili ya watu wa nchi fulani, katika miaka fulani, kwa mtindo uliopendwa wakati ule. Ilipotufikia sisi kupitia vitabu na kalenda, hatukuambiwa habari hiyo. Tukaipokea kana kwamba ni picha ya kitambulisho cha Bwana wetu.

Matokeo yake anayajua kila katekista anayefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Mtoto anauliza: "Mwalimu, Yesu alikuwa Mzungu?" Si swali la utani. Mtoto huyo ameangalia malaika, watakatifu, Mama Bikira Maria na Mtoto Yesu, na wote hawafanani na mama yake wala na yeye mwenyewe. Katika baadhi ya picha zile za kuchapwa, mwenye ngozi nyeusi ni mmoja tu: shetani aliyekanyagwa na Malaika Mikaeli. Tunaweza kuhubiri mwaka mzima kwamba mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, lakini jicho la mtoto limeshasoma somo jingine ukutani, tena kila Jumapili.

Nchi moja, mitindo mingi

Sasa tuwaangalie hao watu wa Denmark wenyewe. Je, wao walikuwa na mtindo mmoja wa kumchora Kristo na dunia yake? Hapana.

Katika makanisa yao ya zamani ya vijijini, mafundi walichora moja kwa moja juu ya kuta na dari zilizopakwa chokaa. Katika kisiwa cha Møn, kwenye kanisa la Elmelunde na mengine ya jirani, ipo kazi ya mchoraji wa mwishoni mwa karne ya 15 ambaye jina lake halijulikani. Wanamwita tu Bwana wa Elmelunde. Nyuso zake ni za kawaida sana, rangi zake ni chache, nyekundu ya udongo na manjano. Lakini Adamu wake, baada ya kufukuzwa bustanini, analima kwa plau kama walivyolima wakulima wa kisiwani humo. Mkulima asiyejua kusoma aliinua macho akajiona yumo ndani ya Biblia. Zama hizo Denmark ilikuwa nchi ya Kikatoliki. Baada ya Matengenezo ya Kilutheri ya mwaka 1536, picha nyingi za namna hiyo zilikuja kufunikwa kwa chokaa, na nyingine zilikaa gizani kwa karne kadhaa mpaka zilipofunuliwa tena.

Zikaja nyakati ambazo wataalamu wanaziita Zama za Dhahabu, nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwalimu mkuu alikuwa C. W. Eckersberg, aliyezaliwa 1783 na kufariki 1853. Alisoma Paris kwa Jacques-Louis David, akaishi Roma, kisha mwaka 1818 akawa profesa katika chuo cha sanaa cha Copenhagen. Alichora pia picha za altare. Kubwa alilolifanya kwa wanafunzi wake ni kuwatoa nje ya darasa. Aliwaambia waangalie kwa makini kilichopo mbele yao, jinsi mwanga unavyoanguka juu ya ukuta, jinsi kivuli kinavyokaa, halafu wachore hicho.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Christen Købke. Huyu nampenda kwa namna ya pekee, kwa sababu alichora pembezoni mwa mji. Hakuhangaika sana na majumba ya wakubwa. Alichora mitaa ya nje ya Copenhagen alikoishi na wazazi wake, ziwa dogo la jirani, gati la mbao, watu wawili wakisubiri mashua. Wakati wa uhai wake hakuthaminiwa sana, na alikufa mwaka 1848 akiwa na miaka 37 tu. Leo anahesabiwa miongoni mwa wachoraji wakubwa kabisa wa nchi yake. Ndugu msomaji wa Tandika au wa Mwananyamala, kumbe hata pembezoni mwa mji pana utukufu wa kuchorwa!

Kisha, katika miaka ya 1870 na 1880, kundi la wachoraji likakusanyika Skagen, kijiji cha wavuvi kwenye ncha ya kaskazini ya nchi. Michael Ancher alichora wavuvi wamesimama ufukweni wakiitazama bahari kwa wasiwasi; yeyote aliyewahi kusimama Kunduchi au Mbweni alfajiri akisubiri ngalawa iliyochelewa anaielewa picha hiyo bila kuelezwa. P. S. Krøyer alichora mwanga wa jioni juu ya mchanga. Anna Ancher, mke wa Michael na mzaliwa wa kijiji chenyewe, alichora wanawake wakifanya kazi za nyumbani. Picha yake ya mwaka 1891 inaonyesha mtoto wa kike ameketi akishughulika na kazi ya mikono katika chumba cha bluu, na jua limeingia dirishani likaanguka ukutani. Hakuna kingine kinachotokea pale. Ukiitazama kwa utulivu unabaki umenyamaza.

Vilhelm Hammershøi, aliyefariki 1916, akaja na njia yake. Alipunguza rangi mpaka ikabaki kijivu, akachora vyumba vitupu vya nyumba yake mjini Copenhagen, milango iliyofunguka, mkewe amesimama akiwa ametupa mgongo. Na wakati uleule Joakim Skovgaard alikuwa juu ya jukwaa la mafundi katika kanisa kuu la Viborg, ambalo kuta zake alizijaza historia nzima ya wokovu kati ya 1901 na 1906. Picha zake ni kubwa, zenye mistari mizito na rangi bapa, kwa makusudi kabisa: alitaka mtu aliyekaa benchi la nyuma naye aone.

Nimeyataja majina haya kwa sababu tatu. Kwanza, wengi wao walijifunza kwa wageni, lakini hawakuishia kunakili. Walirudi nyumbani wakatazama mwanga wao wenyewe, watu wao na bahari yao. Pili, mtindo ulibadilika mara nyingi, na hakuna aliyesema kwamba Injili imebadilika. Tatu, kila mara alikuwepo mtu au jumuiya iliyomwita mchoraji, ikampa kazi na kumlipa. Bila Jacobsen kutoa fedha, picha 23 za Bloch zisingekuwepo.

Kanisa linasema nini?

Mtu anaweza kudhani kwamba picha zile za kuchapwa ndizo picha rasmi za Kanisa. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulitetea heshima kwa picha takatifu ukifundisha kwamba heshima hiyo humwendea yule anayeonyeshwa katika picha. Haukutaja rangi ya ngozi wala mtindo wa nchi fulani.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium, ya mwaka 1963, ulilisema jambo hili waziwazi. Namba 123 inafundisha kwamba Kanisa halikuwahi kuufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake, na kwamba sanaa ya nyakati zetu, ya kila kabila na kila nchi, ipewe nafasi, mradi itumikie ibada kwa heshima inayostahili. Namba 124 inawataka maaskofu watafute uzuri ulio bora kuliko kujionyesha kwa gharama. Namba 127 inawaomba wawe karibu na wasanii na kuwalea katika roho ya sanaa takatifu.

Na namba 129, mafrateri wapendwa, inatuhusu moja kwa moja. Inaagiza kwamba wanaojiandaa kwa upadre, wakiwa katika masomo ya falsafa na teolojia, wafundishwe pia historia na maendeleo ya sanaa takatifu, ili baadaye waweze kuitunza na kuwashauri wasanii. Tujiulize kwa unyofu: katika miaka yetu yote ya malezi tunapata saa ngapi za somo hilo? Kesho na keshokutwa tutakabidhiwa parokia yenye kanisa lisilokwisha, na kamati ya ujenzi itatugeukia: "Baba, tuweke nini hapa?" Padre ambaye hakuwahi kufunzwa kutazama picha atajibu kama alivyojibu aliyemtangulia.

Papa Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia maaskofu wa Afrika kwamba wanaweza, na tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Katika nyimbo tumeitikia kwa moyo wote. Kwaya zetu zinatunga, ngoma na kayamba zimeingia kanisani, na hakuna anayeshangaa. Kuta ndizo zilizobaki nyuma.

Wachoraji tulio nao

Mtu asiseme hatuna watu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifika Dar es Salaam kutafuta maisha kama maelfu ya wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa, zile zinazopakwa kwenye baiskeli, na picha zake ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyompata kimakosa. Miaka aliyochora ni michache sana, lakini aliacha wanafunzi, na wanafunzi wakaacha wanafunzi. Mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo mtindo wenye jina lake unajulikana duniani, na kitovu chake kipo Kinondoni, mwendo mfupi kutoka kwenye parokia zetu nyingi.

Yupo pia George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, ambaye viumbe wake wa kuchekesha wenye rangi kali wameonyeshwa katika nchi nyingi. Alikua kisanaa katika Nyumba ya Sanaa, mahali palipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mtawa wa Maryknoll, Sista Jean Pruitt. Yaani mtawa wa Kanisa letu aliwaona vijana wenye kipaji, akawatafutia paa, vifaa na soko. Mfano tunao, tena wa hapahapa.

Na kama mtu anataka kuona Injili yenyewe ikichorwa na mtu wa kwetu, amtazame Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere. Mwaka 1959 alichora katika kanisa la Kianglikana la Murang'a nchini Kenya picha tano kubwa za ukutani za maisha ya Kristo: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemani na Msalaba. Kristo wake ni Mwafrika, na mandhari ni ya Afrika. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Watu waliokuwa na majeraha mabichi walihitaji kumwona Kristo akiteseka katika nchi yao wenyewe. Njau anajulikana pia kwa msemo wake kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Ni msemo mkali, lakini tuutafakari.

Leo katika mitaa ya Msasani, Mwananyamala, Keko na Mbagala wapo vijana wanaochora kila siku, na baadhi yao ni waamini wetu. Wanatoa zaka, wanahudhuria jumuiya, wanachangia saruji. Mtalii anawajua, anawanunulia twiga na Mlima Kilimanjaro. Parokia yao haijawahi kuwaomba picha hata moja. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi mcheza kwetu tunamwacha akatunzwe na wageni.

Hoja za wanaopinga

Zipo hoja nzito ambazo hatuwezi kuzipuuza.

Wa kwanza atasema: Yesu alikuwa Myahudi wa Nazareti, kumchora kama Mzaramo au Mngoni ni kupotosha historia. Ni kweli alikuwa Myahudi, na jambo hilo lifundishwe wazi. Lakini basi tuwe waadilifu: hakuwa mtu wa Copenhagen wala wa Roma pia. Picha takatifu haidai kuwa picha ya kamera. Inatangaza kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, na wachoraji wa kila taifa wamelitangaza hilo kwa sura za watu waliowajua. Tukiwakubalia wengine wote, tusijinyime sisi wenyewe tu.

Wa pili atasema: mitindo hii ni ya kuuzia watalii, kanisani italeta kicheko. Hofu hiyo ina msingi. Sitaki kumwona twiga nyuma ya tabernakulo, na si kila mchoraji hodari anaweza kuchora kitu cha kusalia. Lakini tofauti ya picha ya kuuza na picha ya kusali inatokana na maandalizi. Mchoraji akikaa na Paroko na katekista, akasoma naye Injili ya Mateso, akahudhuria Njia ya Msalaba siku za Ijumaa za Kwaresima, akapewa muda, mkono uleule utatoa kazi nyingine. Wachoraji wa Skagen walichora wavuvi kwa heshima kwa sababu walikaa nao.

Wa tatu atauliza kwa sauti ya chini: wachoraji wengi wa huku ni Waislamu, itakuwaje? Nitajibu kwa mfano mwingine wa Denmark. Bertel Thorvaldsen, mchongaji aliyezaliwa Copenhagen, alikuwa Mlutheri. Ndiye aliyechonga sanamu maarufu ya Kristo mwenye mikono iliyofunguliwa, iliyopo katika kanisa la Mama Yetu mjini humo. Basi kaburi la Papa Pius VII, ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, ni kazi ya mikono yake. Roma haikumwuliza kwanza kama ni Mkatoliki. Jirani Mwislamu ambaye dhamiri yake inamruhusu kufanya kazi hiyo apewe heshima na malipo yake. Asiyeruhusiwa na dini yake kuchora sura takatifu asishawishiwe. Tunaishi pamoja Temeke na Kinondoni siku zote, tunajua namna ya kuheshimiana.

Wa nne ni mwekahazina: fedha hatuna. Lakini sanamu zile za plasta hazitolewi bure, na hewa yetu ya chumvi huzila haraka. Baada ya miaka michache pua imebanduka na rangi imefifia, tunanunua nyingine. Fedha ileile ikilipwa kwa kijana wa parokia inabaki mtaani, inalipa ada ya shule ya mtoto wake. Wala si lazima kuanza na ukuta mzima.

Wa tano ni bibi yetu. Amesali mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu miaka hamsini, katika msiba na katika harusi, na picha ile imeona machozi yake. Huyu hana hoja ya kubishana, anastahili kusikilizwa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mabadiliko yanayowanyang'anya wazee mahali pao pa kusalia si utamadunisho, ni ukatili. Picha yake ibaki mahali pake pa heshima, na mpya ije ikae jirani nayo.

Tufanye nini?

Kwa kamati za ujenzi: bajeti ya picha iingie katika makisio tangu mwanzo, pamoja na mabati. Anzeni na kitu kimoja. Njia ya Msalaba ina vituo 14. Vituo hivyo vikigawanywa kwa Jumuiya Ndogo Ndogo, kila jumuiya ikagharimia kimoja au viwili, mzigo unakuwa mwepesi na kila mtu anaiona kazi kuwa yake. Paroko awasiliane na ofisi ya Liturujia ya jimbo kabla brashi haijagusa ukuta, kwa maana namba 126 ya hati ile ya Mtaguso inataka kazi za sanaa zipimwe na wenye ujuzi. Mchoraji apewe mkataba wa maandishi, alipwe kwa awamu, na jina lake liandikwe pembeni ya kazi. Asiambiwe kwamba malipo yake yapo mbinguni wakati fundi wa vigae amelipwa taslimu.

Kwa mafrateri: tusingoje mtaala. Siku ya mapumziko twende Msasani tuwatazame wachoraji wakifanya kazi, twende Mwenge kwa wachongaji. Tutazame mchongo wa ujamaa, ule ambao watu wamebebana, mmoja juu ya mwingine, mpaka wamekuwa nguzo moja, halafu tujiulize kama yapo maelezo mazuri zaidi ya fumbo la Kanisa. Tujifunze kuitazama picha kwa muda mrefu, kama tunavyofundishwa kulitafakari Neno la Mungu.

Kwa wazazi: mtoto akiuliza kama Yesu alikuwa Mzungu, mjibu ukweli, kwamba alikuwa Myahudi, na kwamba kila taifa limemchora kwa upendo lilivyoweza. Kisha mpe karatasi na penseli za rangi, amchore na yeye.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu hakumwagiza Musa aagize vyombo vya Hema kutoka Misri, ingawa Misri ilikuwa na mafundi wakubwa. Alimwita Bezaleli kwa jina, akamjaza Roho wake kwa ajili ya kazi za mikono, akampa Oholiabu awe msaidizi. Walikuwa watu wa kambi ileile, waliokula mana ileile na wenzao. Hata katika parokia zetu za Bunju na Chamazi, Bezaleli yumo, pengine amekaa benchi la nyuma. Paroko na kamati wamtafute kabla bajeti ya mwaka huu haijapitishwa, wamwite kwa jina, na wampe ukuta.